Jina Nililobaki Nalo

Jumapili, 9 Machi

Babu Bwire,

Hakuna mwingine anayekuita hivyo, kwa hiyo utajua ni mimi, Recho, mtoto wa marehemu mwanao Gody, uliyenilea kwenye maranda ya mbao. Kwa wengine wote wewe bado ni Mzee Masatu, fundi wa mitumbwi. Padri alisema Masatu juu ya kaburi. Msalaba umeandikwa Masatu kwa rangi nyeusi, na mvua ya leo, ya kwanza kubwa tangu tukuzike, itakuwa inaupiga huko Butiama kilimani, mbali na ziwa. Sikupenda ulazwe huko. Nilisema mtu aliyefanya kazi maisha yake yote na maji miguuni azikwe mahali anaposikia maji. Baba Mdogo Nathan akasema kiwanja cha ufukweni kililiwa na ziwa mwaka ule lilipopanda, au nataka mzee aelee? Watu wakacheka, palepale msibani.

Naandika kwa sababu nyumba ya Bweri, hapa Musoma, imekuwa kimya. Revocatus anarudi kutoka kiwandani amechoka, akila analala. Ni mume mwema, lakini ukimwambia jambo la moyoni anauliza kama umemeza dawa.

Nataka kuandika jinsi nilivyolipata jina lako, nisije nikadhani niliota. Ilikuwa asubuhi, kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimekukalisha nyuma ya nyumba nakuogesha, nikisema kama siku zote, "Masatu, inua mkono. Masatu, funga macho, sabuni hiyo." Ukanishika kiganja. Ukasema, "Masatu ni kaka. Alizama. Mimi naitwa Bwire." Wewe uliyekuwa hukumbuki kama umekula, ukanieleza yote bila kukosea. Kwamba kaka yako mkubwa alitoka na wavu, ziwa likamrudisha akiwa maiti. Kwamba baba yako akaanza kukuita wewe kwa jina lake, mwanzoni kwa kupitiwa, baadaye kwa makusudi, na siku ya kukuandikisha misheni akatamka Masatu.

"Nikaitika," ulisema. "Mzee alikuwa analia. Ningefanyaje? Nikaitika mpaka leo."

Wenzako waliojua wamekufa wote. Bibi Rebeka, mkeo, hakujua. Shangazi Jenoveva, binti yako mkubwa, hajui. Binti yake Gloria hajui. Jina hili ni langu mimi, na nimeshaamua. Huyu aliye tumboni akizaliwa, ndilo jina lake.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimeshona sare za shule za mteja. Mashati yako nimeyaanika ndani, hayakauki.

Jumamosi, 15 Machi

Kikao cha ukoo, Butiama, nyumbani kwa Baba Mdogo. Shangazi Jenoveva alikuja kutoka Mugeta na kibuyu cha maziwa, akaketi kwenye kiti ulichokuwa ukikalia wewe ukija pale. Hakuuliza.

"Jina la mzee lisilale chini," alisema. "Mtoto wa kwanza kuzaliwa kwenye nyumba hii baada ya maziko, huyo ndiye atalibeba. Mmoja tu. Sitaki Masatu wanne, ukiita mmoja wanageuka wote."

"Na akiwa wa kike?" niliuliza.

"Wa kike naye atabeba. Jina halivai suruali."

Wote wakamtazama Gloria, maana tumbo lake liko mwezi wa mwisho na langu bado. Alikuwa amevaa gauni zuri la bluu, mikono juu ya tumbo kama mtu aliyeshika tikiti maji alilojishindia kwenye mchezo. Nadhani alinionea huruma, akataka kunichekesha.

"Recho, usinune bwana. Utakuwa unakuja Bunda kumwogesha. Si ndiyo kazi yako?"

Kicheko. Nami nikacheka. Ndiyo, Babu, ndiyo kazi yangu. Mimi nilikuogesha, yeye alikuchekesha. Alikuwa akija kutoka Bunda na karanga za kukaanga na marashi yake, na kabla hajakaa wewe ulikuwa umeshaanza kucheka mpaka ufizi unaonekana. Mimi nilisimama nje ya mlango na beseni la maji machafu nikisikiliza. Siku ya maziko alizimia, wanawake wakampepea kwa khanga. Wale waliokuwa wakimpepea, mimi ndiye niliyewapikia.

Lakini nilipokuwa narudi Musoma nilitabasamu peke yangu. Wachukue Masatu. Wanachukua jina la mtu mwingine.

Jumatano, 19 Machi

Nimekuta pamba kwenye mfuko wa koti lako la kazi, imeshikana na mafuta, imekuwa kama jiwe laini. Ulinisimulia kwamba ujanani ulikuwa ukienda Bunda kwa miguu kuchukua pamba na kurudi nayo kichwani, halafu baadaye ukawa unatumiwa kwenye basi, na hukuiamini pamba ya basi mpaka umeinusa. Ulikuwa ukiiviringisha kati ya viganja, unaitia mafuta, unaishindilia kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Kila pigo ulilisikiliza. Ukimaliza, kabla mtumbwi haujaona ziwa, unaujaza maji ukiwa nchi kavu, unauzunguka taratibu, na maji yanapotokea nje unaweka alama ya mkaa. Mkaa nilikuwa nashika mimi. Nilijiona mtu mkubwa.

Gloria akija likizo ulimruhusu aingie kwenye maji yale aogelee kama kwenye beseni. Fundi mzima, mwenye mtumbwi amesimama anangoja, nawe ukasema, "Subirini mtoto amalize."

Alhamisi, 27 Machi

Gloria amejifungua mtoto wa kiume. Shangazi amepiga simu, vigelegele mpaka nikaisogeza mbali na sikio. "Masatu amerudi! Recho, babu yako amerudi!" Nimesema hongereni sana. Revocatus ameniangalia nikikata kitunguu, akasema, "Taratibu mama, hicho kimeshakufa."

Alhamisi, 3 Aprili

Mtoto wa Gloria analia sana, wanasema. Watoto hulia.

Jumamosi, 5 Aprili

Bado analia, na kunyonya ni kwa kubembelezwa. Shangazi anapiga simu kila mara kuniambia. Mimi leo nimelala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu ulipotutoka. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeitwa Bunda. Mvua ilikuwa imekatika kidogo asubuhi, barabara inatoa mvuke. Mseti, mume wa Gloria, alinipokea mlangoni. Unamkumbuka, yule wa kwao wafugaji, anayetutania sisi watu wa ziwani, walaji wa visamaki vya furu, bila kupumzika.

"Karibu shemeji, mla furu! Ingia uone mlichonifanyia. Kwetu sisi wa ng'ombe mtoto ananyonya, anabeua, analala. Huyu mmempa jina lenye maji ndani, halikauki."

"Labda anawaogopa ng'ombe wako."

"Ng'ombe wako Mugeta kwa mama mkwe. Anawaonea wapi?"

Alikuwa anatania, lakini macho yake yalikuwa mekundu na shati alikuwa amelivaa ndani nje.

Gloria alikuwa kitandani, nywele hazijachanwa, hana marashi. Mtoto analia kwa sauti nyembamba, inayokwenda na kurudi kama msumeno butu. Sikujua niseme nini, nikasema ana vidole virefu.

Shangazi akaja. Akawafukuza wanaume waende sebuleni, akaketi kwenye mkeka amenyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja. "Sisi ni watu wa kanisa," alisema, "msiende kumwambia katekista." Akachovya kidole kwenye maziwa, akagusa midomo ya mtoto.

"Kama ni wewe Masatu, nyonya. Mwanao Jenoveva niko hapa."

Mtoto akageuza uso, akalia zaidi.

"Basi huenda mwingine ametangulia," akasema. Unajua jinsi wazee walivyokuwa wakifanya, mtoto asipotulia wanaita majina ya waliotangulia mpaka mwenyewe aitike. Akamwita Bibi Rebeka. Hakuna. Akawaita wajomba zake. Hakuna. Akamwita hata baba yangu. "Kama ni wewe Gody, nyonya, mdogo wangu." Moyo wangu uliruka. Halafu, Babu, nilishikwa na wivu hata kwa hilo. Kwamba baba yangu, akitaka kurudi, aende akazaliwe kwa Gloria, apite mlangoni kwangu kama hapajui.

Hakuna. Kilio kilekile.

Shangazi alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akaniangalia. "Recho. Wewe ndiye ulikaa naye mpaka mwisho. Alikuwaga na neno? Kuna kitu alitaka hatukumpa?"

Gloria naye akainua kichwa. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango wa duka la dawa ukifunguliwa.

"Hapana, Shangazi," nilisema. "Alikuwa anaomba uji tu."

Nimerudi na basi nimekaa kiti cha dirishani, mvua imeanza tena kabla hatujafika Kiabakari. Njia nzima nilijitetea mbele yako. Nilisema, wanamwita kijana aliyezama kabla hajaoa. Hana mtoto anayeitwa Jenoveva. Ataitikaje? Kosa ni lao. Nilisema pia kwamba haya mambo ya kuita majina ni ya zamani na mimi siyaamini. Na kama siyaamini, kwa nini nimelibana jina?

Jumatatu, 14 Aprili

Bati linavuja juu ya kitanda chako. Nimeweka sufuria.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Walimpeleka mtoto hospitali. Daktari amesema ni tumbo la kawaida la watoto wachanga, litatulia lenyewe, ila anyonyeshwe mara kwa mara kwa sababu uzito hauongezeki inavyotakiwa. Shangazi ametuma habari mpaka huku, na kanisani wamemwombea kwa jina. "Mtoto Masatu wa Bunda." Kanisa zima likasema amina. Nilifungua kinywa pamoja nao lakini nilichokuwa nawaza ni kwamba mimi tumbo limenisumbua mwezi wote, miguu imevimba, na hakuna aliyenitaja.

Nakuonea haya kukuandikia hili siku ya Pasaka. Lakini wewe ulinisafisha mimi kabla sijakusafisha wewe. Sina cha kukuficha.

Jumamosi, 26 Aprili

Gloria amekuja Bweri.

Sikumtegemea. Bodaboda ilisimama kwenye tope mbele ya nyumba, akashuka mtu amefunikwa turubai, ndani ya turubai kilio. Mpaka nilipompokea furushi sikuwa nimejua ni yeye.

"Mama hajui nimekuja," alisema. "Nimekuja kumlaza kwenye kitanda cha babu. Usinicheke."

Sikumcheka. Niliondoa sufuria, nikageuza godoro upande mkavu, nikatandika shuka. Akamlaza. Mtoto akatazama dari kidogo, tukashika pumzi sote wawili, halafu akaanza upya. Gloria akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, miguu imejaa tope.

"Wewe ulikuwa unamtulizaje?"

"Nani?"

"Babu. Zile kelele zake za jioni. Mama aliniambiaga kwamba ukiingia tu ananyamaza."

"Nilimwambia nakwenda kuangalia kama boti inavuja. Akawa ananingoja nirudi na jibu."

Alicheka kidogo, kicheko chenye mafua. Akasema, "Mimi nilikuwa namwogopa."

"Wewe? Aliyekuwa anacheka na wewe mpaka anakohoa?"

"Alikuwa ananiitaga Rebeka, Recho. Ananishika mkono huu, ananiuliza kwa nini nimekaa sana kwa wazazi wangu, nirudi nyumbani, watoto wananililia. Sasa nimjibu nini? Nikawa namchekesha, maana akicheka hasemi. Zile karanga zilikuwa za kumziba mdomo. Halafu nakimbilia stendi, nalia mpaka abiria wananipa maji."

Nilisimama pale na khanga ya mtoto mkononi. Miaka yote ile, Babu, nilivisikiliza vile vicheko nyuma ya mlango kama mtu anayesikiliza watu wakila chakula chake. Kumbe ndani ya chumba mlikuwa watu wawili mnaoogopa.

Nikambeba mtoto ili yeye ale. Ni mwepesi sana. Nimebeba mashati ya wateja yenye uzito kumzidi. Alinishika kidole akakaza, huku analia, na tumbo langu likapiga teke chini yake, na nikahisi wote wawili wananigombea. Gloria alikuwa anakunywa uji bila kuonja. Nilikuwa nalo jina mdomoni. Nililihisi kabisa, kama punje ya wali kwenye ulimi. Nikafungua kinywa.

"Ongeza sukari," nikamwambia.

Wameondoka mvua ilipopungua.

Jumapili, 27 Aprili

Sukari!

Jumatano, 30 Aprili

Nimemuuliza Revocatus, kama una kitu umekiweka kwa ajili ya mtoto wako, na mtoto wa mwingine anakihitaji leo, utafanyaje. Akauliza kitu gani. Nikasema kitu tu. Akafikiri mpaka nikadhani amelala. Akasema, "Wangu bado hajalia."

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda Mugeta. Shangazi alikuwa amewachukua Gloria na mtoto wakae kwake, na Mseti naye alikuwa huko tangu jana. Revocatus hakutaka nisafiri na hali hii. Kutoka Bunda pikipiki ilikwenda kama inapalilia, dereva ananiambia kila shimo, "Shikilia mama, shikilia." Nilikuwa nimeshikilia.

Nimemkuta Shangazi nyuma ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo. Kutoka ndani, kilio. Sikukaa hata kwenye kigoda alichonipa.

"Shangazi, jina mnalomwita mtoto si la babu."

Aliendelea kuchambua. "Unasemaje?"

Nikamwambia yote. Kaka aliyezama, baba aliyekuwa analia, misheni, nyuma ya nyumba, sabuni. Bwire. Nilipolitamka nililitamka kwa sauti ya chini, nikasikia limetoka na halirudi.

Mikono yake ilisimama ndani ya maharage. Nilingoja anitukane. Badala yake alisema, polepole, "Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Nilimpelekeaga chakula kazini kabla baba yako hajazaliwa. Nilikuwa namchomoa vijiti vya mbao vidoleni kwa sindano. Tumemzika mama yangu mimi na yeye tumeshikana mikono. Na hakuniambia."

"Alikuwa mgonjwa, Shangazi. Ilimtoka tu."

"Ikamtoka kwako."

Ule uso ninaujua, Babu. Nimekuwa nikiuona kwenye kioo tangu mwezi wa tatu. Sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine, na sikujua kwamba mwanamke mzee, mwenye wajukuu na ng'ombe na sauti ile, anaweza kuuvaa.

"Na siku ile Bunda nilipokuuliza?"

"Nilikuwa nalo."

"Ukaniambia uji."

"Nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya huyu." Nilishika tumbo.

Akaliangalia tumbo, akaniangalia mimi, akatupa pembeni ganda la harage. "Ingekuwa mimi," alisema, "nisingekupa." Akautikisa ungo. "Nilisema mmoja tu. Ukilitoa huku, wako halipati. Unajua hilo?"

"Najua."

"Na unalitoa."

"Nimeshalitoa, Shangazi."

Akainuka kwa kushikilia bega langu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaingia ndani. Nikamfuata. Gloria alikuwa anatembea na mtoto kutoka ukuta hadi ukuta, Mseti amekaa mlangoni ameshika kichwa. Shangazi akaketi, akanyoosha miguu, akaomba maziwa. Hakueleza kitu. Akachovya kidole.

"Bwire," alisema. Akachovya kidole tena. "Kama ni wewe Bwire, baba yangu, nyonya. Ni Jenoveva. Sikujua."

Sijawahi kulisikia jina lile kwenye kinywa cha mtu mwingine. Nilitaka kumziba mdomo. Naandika ukweli, hata wakati ule, hata baada ya safari yote ile, nilitaka kumziba mdomo.

Mtoto alilia. Akapata kwikwi. Akalia tena, ila kama mtu aliyesahau alichokuwa analilia. Gloria akamchukua, akampa ziwa, naye akalishika akaanza kunyonya, macho wazi, akimwangalia Shangazi kwa pembeni.

Kisha Mseti akasema kutoka mlangoni, "Amechoka tu huyo. Ningelia mimi wiki zote hizo ningekula hata godoro."

"Wewe nyamaza, nenda kwa ng'ombe wako," Shangazi alisema, lakini alikuwa anacheka, na machozi yanashuka, na Gloria anacheka huku anauliza, "Bwire ni nani? Jamani, Bwire ni nani?"

Labda Mseti amesema kweli. Labda daktari alisema kweli, na tumbo lilikuwa limefika siku yake ya kutulia. Sijui, Babu. Nilikaa nikamtazama akinyonya mpaka akalala, mdomo wazi. Nikamwonea wivu kwa kulala kwake.

Jumanne, 6 Mei

Mvua, ngurumo. Miguu imevimba. Sijatoka.

Jumamosi, 10 Mei

Gloria amepiga simu. Siku nyingine analia kama watoto wa watu wote, siku nyingine anakunywa na kulala. Wamempima, uzito umepanda. Nyuma ya sauti yake namsikia Mseti anaimba, "Bwire, Bwire, mla furu mdogo," akicheza naye. Kila mtu ana jina lako sasa. Wanalisema wakiwa wanafua, wanalisema wakiwa wanatafuta nepi. Nililiweka ndani muda wote ule kama nguo ya harusi, na wao wanalivaa shambani.

Gloria aliniambia, "Nakuja ukijifungua. Nitakuogeshea mtoto." Hakuwa anatania. Nilisema aje.

Jumamosi, 17 Mei

Shangazi amemwagiza Baba Mdogo aupake msalaba upya kule Butiama, Masatu, na chini yake Bwire. Baba Mdogo akauliza kwa mzaha wake ule, je, tumewazika wawili? Shangazi akamjibu ndiyo, tumewazika wawili, na mmoja wao hakuna aliyekuwa amemlilia kwa jina lake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 22 Mei

Manyunyu tu. Ufukweni leo wametoa mtumbwi wako mmoja wa zamani kuuziba upya. Nimepita nikasikia wanavyougonga. Wanagonga haraka sana.

Jumamosi, 31 Mei

Jua tangu asubuhi, na upepo wa ziwani ni mkavu. Mvua nadhani zimekwisha. Revocatus amefunga begi la hospitali na kulifungua na kulifunga. Mgongo unauma kwa namna mpya, kwa hiyo naandika upesi.

Babu, kuna neno nililiruka nilipokuandikia mara ya kwanza. Nililiruka kwa sababu lingeharibu yote. Ile asubuhi, kabla hujasema "Masatu ni kaka," ulinishika kiganja, ukaniangalia usoni kwa adabu, kama unavyomwangalia mtu aliyekuja kuuliza bei ya mtumbwi. Ukasema, "Mama, wewe ni mgeni huku, eti? Hunijui." Halafu ndipo ukaniambia wewe ni nani.

Sikupewa jina kwa sababu mimi ni Recho. Nilipewa kwa sababu nilikuwa mtu usiyemjua, na kwa mtu usiyemjua hukuwa na sababu ya kuendelea kuitika jina la kaka yako. Gloria ulimwita mkeo. Shangazi ulikuwa ukimtaja mpaka siku za mwisho, ukiuliza kama ameshaleta chakula. Mimi miezi yote ile ya mwisho ulisema "wewe." "Wewe, maji ni ya baridi." "Wewe, asante." Niliona wivu juu ya kila mtu uliyemtaja, ndiyo maana nikalishikilia lile jina kwa meno. Lilikuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kutoka kwako, na hata hicho ulimpa mgeni.

Lakini mgeni huyo ndiye aliyekuosha, nawe ulimshukuru kila siku. Nimelifikiria hili asubuhi nzima na halijaacha kuuma, ila naweza kulibeba.

Mtoto huyu sijui ataitwa nani. Nitamwangalia kwanza.

Kama huko uliko akili yako imekurudia yote, na kaka yako yuko karibu nawe, na kila mmoja wenu ameshika jina lake mwenyewe, basi na mimi nijitambulishe. Mimi ni Recho, mtoto wa Gody, wa Bweri. Si mgeni.

Unikumbuke.